Kisanduku cha Mzee wa Santuri: Je, Namie Amuro Atarudi?

Safari hii nimejibu barua nne tu. Ya kwanza imenikalisha siku tatu na imekula nafasi ya wenzake, wanisamehe.

*Assalaamu alaykum Mzee wa Santuri, shikamoo. Mimi ni dereva wa Noah hapa Chake Chake. Gari hii iliposhushwa kutoka Japani ilikuja na vitu viwili nisivyovilipia: bibi anayezungumza kila nikiwasha moto, na sidi moja iliyosahauliwa ndani ya redio. Bibi simfahamu anachosema. Sidi nimeipenda. Nimeipiga miaka miwili bila kumjua mwimbaji, mpaka siku nilipompeleka mgeni wa Kijapani Vumawimbi. Wimbo wa tatu ulipoanza alishika kifua, akauimba wote, machozi yanamtoka. Akaniandikia jina nyuma ya risiti ya mafuta: Namie Amuro.*

*Tangu hapo barazani kwetu Machomanne tumekuwa wapenzi wake watu sita, na ndipo ugomvi ulipoanza. Tunaambiwa alistaafu 2018. Mmoja wetu anasema anarudi, kwa sababu nyimbo zake ziliondolewa mtandaoni ghafla Novemba 2023, na mtu hafungi duka ila anataka kulipaka rangi. Mwengine anasema ni 2027, akitimiza miaka 50. Wa tatu ana wimbo kwenye simu anaoapa kuwa ni mpya. Mimi nasema harudi, lakini sina hoja, nina moyo mzito tu. Tumewekeana mbuzi. Tuamulie. — Dereva, Chake Chake*

Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu. Nianze na bibi, maana huyo ni mwepesi. Anakwambia kuwa kadi ya ETC haijatiwa. Kwao barabara kuu za kwenda kasi hulipiwa, na kadi hiyo ndiyo inayokatwa pesa gari likipita getini bila kusimama. Umeitoa gari bandarini, umeivusha bahari mara mbili, yeye bado anangoja kadi. Barabara ya Chake kwenda Wete haimhusu. Mwache aseme.

Na mbuzi mumchinje mle nyote sita. Kuwekeana ni kamari, na mimi sitaki kuwa hakimu wa kamari uzeeni.

Sasa Namie Amuro. Wajapani wana maneno mawili ambayo sisi tunayatia kapu moja. Intai ni kustaafu: nimetoka, nafasi yangu iko wazi, msinitazamie. Katsudo kyushi ni kusimamisha shughuli: nimekaa kitako, nikipata nguvu nitainuka. Magazeti yao hayachanganyi maneno haya, na msanii anayechagua moja anajua analolichagua. Amuro, tarehe 20 Septemba 2017, siku aliyotimiza miaka 40, alisema la kwanza. Akajipa mwaka mmoja wa kuaga, na siku ya mwisho akaipanga iwe 16 Septemba 2018, miaka 26 kamili tangu santuri yake ya kwanza ya 16 Septemba 1992. Mtu anayehesabu siku zake namna hiyo hakukurupuka.

Najua mwenzako wa kupaka rangi duka atasema, "Mzee, maneno ni maneno." Kweli, na tena mimi nina ushahidi wa kumsaidia, nilioushuhudia kwa macho yangu.

Mwishoni mwa 1989 nilikuwa Tokyo, nimepelekwa mafunzo ya kutunza kanda na santuri. Usiku wa tarehe 31 Disemba bweni letu la wageni lilikuwa tupu, tumebaki mimi, kijana mmoja wa Peru, na mzee mlinzi wa bweni. Mzee alitupikia tambi za rangi ya kahawia ndani ya supu, ndiyo desturi yao ya kufungia mwaka. Niliuliza kwanza kama supu ina nguruwe, akacheka, akanionesha kipande cha samaki mkavu wa jamii ya jodari, kigumu kama ubao. Tukakaa mbele ya televisheni. Usiku huo nchi nzima hutazama Kohaku Uta Gassen ya NHK, shirika lao la utangazaji, mashindano ya nyimbo, kikosi chekundu cha wanawake na cheupe cha wanaume, yaliyoanza redioni 1951.

Akatokea mama mmoja, Harumi Miyako, mwimbaji wa enka, nyimbo zao za huzuni zenye sauti ya kutetemeka. Mzee akaweka bakuli chini. Hakuligusa tena mpaka wimbo ulipokwisha na tambi zikavimba. Ndipo akanieleza, kwa Kiingereza chake kibovu na changu kibovu, kwamba mama yule alikwisha kuaga katika kipindi hichohicho miaka mitano nyuma, 1984, akisema anataka kuwa mama wa makamo wa kawaida. Ukumbi ulilia usiku ule, na mtangazaji alipoomba makofi zaidi ulimi ukamteleza: badala ya Miyako akasema "Misora", jina la mwimbaji mwengine kabisa. Mimi niliyekaa mbele ya maikrofoni miaka mingi namwonea huruma mtangazaji yule mpaka leo.

Kwa hiyo yupo aliyesema intai akarudi. Na si yeye peke yake. Wasichana watatu waliojiita Candies walitangaza 1977, katikati ya umaarufu, kuwa wanataka kuwa wasichana wa kawaida. Wakaagana na watu 55,000 kwenye uwanja wa besiboli wa Korakuen tarehe 4 Aprili 1978. Mmoja wao, Ran Ito, baadaye akawa mwigizaji, lakini kuimba aliacha, mpaka 2019 alipotoa albamu yake mwenyewe, na 2023 akasimama Kohaku akiwa na miaka 68 akaimba nyimbo za ujana wake. Hebu piga hesabu, ni miaka 41 ya kimya. Wapenzi wake wa zamani walikuwa wameshakuwa mababu.

Mbona basi nasema wako harudi?

Kwa sababu ya namna alivyofunga mlango. Harumi Miyako alitoka huku amechoka. Aliyechoka hupumzika, na aliyepumzika huwashwa. Amuro alimaliza kila kitu kwanza. Albamu ya mwisho ya Novemba 2017 ilikuwa na nyimbo za miaka yote 25, nyingi akazirekodi upya kwa sauti ya utu uzima, ikauzwa zaidi ya nakala milioni mbili. Akazunguka viwanja vikubwa vya Japani, akafika China, Hong Kong na Taiwan. Rekodi ya video ya ziara hiyo ikawa ya kwanza ya muziki Japani kupita milioni moja. Kisha akaenda kumalizia kwao. Huyu ni mtoto wa Naha, Okinawa, visiwa vya kusini kabisa ambavyo mpaka 1972 vilikuwa chini ya Wamarekani. Aliimba mara ya mwisho Ginowan, Okinawa, tarehe 15 Septemba, na kesho yake zikapigwa fashifashi baharini. Wewe mtu wa Pemba utanielewa upesi kuliko mtu wa Tokyo: anayeondoka mjini akabakisha godoro, huyo atarudi. Huyu alibeba na godoro.

Isitoshe, kurudi alikwisha kurudi. Hilo barazani kwenu nadhani hamlijui. Mwisho wa 1997, akiwa ndiyo kwanza ameolewa na ana mimba, aliacha kazi mwaka mzima. Disemba 31, 1998, miaka 21 tu, akapanda jukwaa la Kohaku kuimba wimbo wake wa harusi, ule uliouzwa zaidi ya milioni mbili, na sauti ikamkatika kwa machozi. Aliondoka kama mtu wa kurudi, na akarudi siku aliyotarajiwa. 2018 hakusema "nipeni mwaka".

Twende kwenye hoja za wenzako. Nyimbo kuondolewa mtandaoni: ni kweli, mwanzoni mwa Novemba 2023 wapenzi waliamka wakakuta hazimo, wala hakukuwa na maelezo. Lakini anayetaka kurudi sokoni huiacha bidhaa rafuni ili watoto wapya wamzoee. Kuziondoa ni kinyume cha biashara ya kurudi. Ndiyo maana sidi yako, iliyosahauliwa na mtu asiyejulikana ndani ya gari kuukuu, leo ina thamani kuliko simu za wenzako wote. Usiikopeshe. Na kitambaa cha kufutia kioo usikiguse; ifute kwa pamba laini, kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha.

Hoja ya miaka 50: kama namba zingekuwa zinamtoa mtu ndani, angetoka 16 Septemba 2022, ilipotimia miaka 30 ya kazi. Siku ile ilipita, hakutokea. Wimbo "mpya" wa kwenye simu sitausikiliza. Siku hizi kompyuta humwimbisha hata marehemu, na mwenye simu hajui kama anachopiga ni mtu au mashine.

Ukitaka kujua dalili za kweli za msanii wa Japani anayerudi, mtazame Akina Nakamori. Huyu ni mkongwe, alianza Mei 1982, akashinda tuzo kuu ya santuri ya Japani 1985 na 1986 mfululizo. 2010 afya ilimshinda, akasimamisha shughuli bila kutaja siku. Zingatia: alisimamisha, hakustaafu. Usiku wa mwisho wa 2014 akaonekana Kohaku, hakuwepo ukumbini, aliimba kutoka studio ya New York, sauti nyembamba, watu wameshika roho. Miaka michache baadaye akapotea tena. Tarehe 30 Agosti 2022 akatangaza mwenyewe kuwa ameanzisha ofisi yake mpya, na klabu ya wapenzi nayo ikafunguliwa. Hapo ndipo mwenyeji wangu wa Tokyo, fundi wa sauti mstaafu tunayeandikiana mpaka leo, alipoandika mstari mmoja: "Sasa ni kweli." Hakungoja wimbo. Kwao msanii bila ofisi ni kama ngalawa bila mlingoti, hata ikielea haiendi popote. Ofisi ikifunguliwa, klabu ikaanza kuandikisha wanachama, mengine huja taratibu: wimbo mmoja wa zamani uliopangwa upya, kipindi kimoja cha televisheni, tamasha dogo mkoani kabla ya Tokyo.

Amuro hana ofisi, hana klabu, na nyimbo hazipo rafuni. Ushindi ni wako, dereva. Najua hukuutaka.

*Mzee, kwa heshima, nina malalamiko. Sisi tuna wakongwe wetu wamelala majumbani hawajulikani wa wapi, wewe unajaza ukurasa kwa Wajapani. Toleo lililopita ulitaja Wajapani mara tatu na taarab mara moja. Nilihesabu. — Mama wa Kikwajuni*

Mama yangu, hesabu yako ni sahihi, na toleo hili nimezidisha. Lakini hawa wa mbali ndio walionifanya nitazame ya kwetu.

Kwetu mwimbaji hastaafu. Hukosekana. Umewahi kumsikia mwimbaji wa taarab akiita watu kuwaaga? Anakuja klabu Jumanne, haji Jumanne ya pili, tunaambiwa "hajisikii vyema". Mwaka unapita, mtu anashika nafasi yake, na siku tukisikia tangazo la maziko ndipo tunakumbuka kuwa tulikuwa tukimngoja. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliimba na kupiga ngoma umri ambao wenzake hawasimami bila mkongojo. 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonesho ya muziki wa dunia, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ataacha lini. 2012 alipokosekana majukwaani, mji ulijaa tetesi: mara mgonjwa, mara amefichwa, mara wamemkataza. Hakuna aliyesema neno moja likaaminiwa na wote. Tarehe 17 Aprili 2013 akafariki, tetesi zikageuka tanzia.

Sisemi wao wanajua na sisi hatujui. Kule kuaga nako kumekuwa bidhaa, tiketi za kuaga huuzwa kuliko za kuimba. Lakini kuna jambo moja ninalolionea wivu. Momoe Yamaguchi, tarehe 5 Oktoba 1980, ukumbi wa Budokan, miaka 21, alimaliza wimbo, akainama, akalaza maikrofoni nyeupe sakafuni, akaondoka. Mwezi uliofuata akaolewa, na hajaimba hadharani mpaka leo. Kila baada ya miaka michache hutoka tetesi kuwa anarudi. Yeye anashona mashuka ya viraka, kazi nzuri kwelikweli. Wapenzi wake wana huzuni, lakini wanajua huzuni yao ilianza siku gani. Wa kwetu sisi hatujui tarehe.

Ombi lako nimelipokea. Kama unamjua mkongwe aliyelala karibu nawe, usiniandikie mimi kwanza. Nenda jioni na kahawa na kashata, umwambie ni wimbo gani wake uliochezwa harusini kwako. Umtunze kama tunavyotunza, noti mkononi, hata kama jukwaa ni kitanda cha kamba. Akikubali kuzungumza, niite, nitakuja na kinasa sauti.

*Shikamoo Mzee. Nasoma Tunguu, nimepata nafasi ya masomo ya mwaka mmoja Japani. Nitapataje tiketi ya Kohaku? Na je, za tamasha la kawaida hununuliwa mlangoni kama Ngome Kongwe wakati wa Sauti za Busara? — Mwanafunzi*

Marahaba mwanangu, na hongera. Mlangoni sahau. Kwa wasanii wakubwa unaomba, kisha unachezeshwa kura, na wanachama wa klabu ya wapenzi hutangulia. Ukishinda, jina lako huwa kwenye tiketi na unaweza kuombwa kitambulisho. Usishawishike kununua kwa mlanguzi: tangu Juni 2019 ipo sheria inayokataza kuuza tiketi za namna hiyo kwa bei ya juu kuliko iliyoandikwa, na wewe ni mgeni mwenye viza.

Kohaku yenyewe ni bure, lakini waombaji ni wengi mno kwa viti vilivyopo. Omba, ila usimwahidi mtu. Afadhali utafute familia ikukaribishe, ukaitazame miguu ikiwa chini ya meza yao yenye joto. Waambie nyumbani wakupigie simu mapema. Kule wako mbele yetu saa sita, kipindi huanza saa moja na kitu usiku wao, yaani saa saba mchana hapa, na kikimalizika karibu na usiku wa manane, kwetu jua halijatua. Sala zako usizipime kwa saa ya Unguja. Nilifanya hivyo siku mbili za mwanzo, naona haya kukwambia yaliyotokea.

*Mzee, nina Vitz, redio yake haipandi zaidi ya 90. Taarifa ya habari naisikia kwa jirani. Fundi mmoja ananiambia redio mbovu ninunue nyengine. Kweli? — Mwenye Vitz, Mkoani*

Si mbovu, ni ya kwao. Redio za FM za magari ya Japani huanzia 76, na za miaka ile huishia 90. Vituo vyetu vingi viko juu ya hapo, mpaka 108. Kabla ya kununua redio, muulize fundi mwengine akufungie kigeuza masafa, kikopo kidogo kama kiberiti kinachokaa kwenye waya wa antena. Kazi yake ni kuteremsha namba: kama kinapunguza 12, kituo cha 99 utakikuta kwenye 87. Muulize kinapunguza ngapi kabla hajafunga dashibodi, maana vinatofautiana. Namba hiyo iandike kwa wino. Mimi niliandika kwa penseli, mke wangu akaisafisha gari, na wiki nzima nikawa natafuta taarifa ya habari ndani ya mchakacho.